Kilo ya Chumvi

Mshahara wa polisi huingia tarehe ishirini na nane.
Ikifika tarehe kumi tunakula ahadi.
Ndiyo maana siendi soko la Tororo na njaa:
tumbo tupu halijui kukataa.
Orodha naiandika nyuma ya daftari kuukuu la Owora,
juu ya jedwali la kuzidisha,
ili macho yakianza kutangatanga kwenye vitenge
saba mara nane iyarudishe nyumbani.

Haya sikufundishwa. Niliyalipia.
Karanga za kusagwa nilinunua kwa kupendezwa na rangi,
nikameza uchungu wa ukungu, watoto wakaharisha siku tatu.
Sasa nanunua nzima, napasua moja kwa jino,
nasaga mwenyewe.
Mkebe wa maziwa niliunyakua kwa nusu bei,
tarehe yake imekwanguliwa kwa wembe,
nisijiulize wembe ule ulikuwa na haraka gani.
Tena ile simu: "Mama, pesa zangu zimepotea njia,
zimeingia kwako, nionee huruma."
Sauti laini kama samli.
Nikarudisha pesa ambazo hazikuwahi kuja.

Basi nikaamua kutembea na shahidi:
pakiti ya chumvi, kilo moja, imefungwa kiwandani.
Kabla ya maharagwe, kabla ya mchele,
naiweka yeye kwanza sahanini.
Mshale ukifika kwenye kilo, nanunua.
Mshale ukigoma, natema mate pembeni, naondoka.
Sokoni wakanibatiza Mama Chumvi,
nami nikalivaa jina kama nishani.

Kwa Zakaria mshale ulifika.
Kwa Mama Sikola ulifika, tena kwa tabasamu.
Kwa Nyaketcho, yule wa meza ya kona,
ulisimama gramu tisini kabla ya kilo.
Nilipiga kelele hadi wauza nyanya wakasimama.
Mteja mmoja akamwaga maharagwe aliyokwisha pimiwa.
Nyaketcho alijifuta mikono kwenye leso, taratibu:
"Mizani hii imepigwa muhuri mwezi jana."
Nikacheka. Muhuri!
Nikaenda zangu kwa Zakaria.

Miezi mitano nilikwenda kwa Zakaria.

Siku ya chanjo ya mtoto, foleni ndefu zahanati,
kapu langu miguuni, chumvi imo.
Sista Apolot alikuwa akisubiri dawa zishuke kwenye barafu.
Nikamwambia kwa utani: mpime na huyu mkubwa wangu.
Akaiweka chumvi pale wanapolala watoto.
Mia tisa na kumi.
Akaitoa, akaiweka tena.
Mia tisa na kumi.

Nilirudi kambini nikipiga hesabu kwa vidole.
Kumbe shahidi wangu ndiye aliyekuwa mwongo,
na kila mizani iliyokubaliana naye
ilikuwa ikinipunja gramu tisini kwa kila kilo,
mchele, maharagwe, sukari ya Pasaka,
nami nikiishukuru.
Mmoja tu alinikatalia,
na huyo ndiye niliyemvua nguo mbele ya soko.

Jumamosi sikwenda kununua. Nilikwenda kusema.
Nilisema kwa sauti ileile,
maana kosa la hadharani haliombewi radhi chini ya meza.
Wauza nyanya wakasimama tena.
Zakaria akakumbuka ghafla kuwa ana gunia la kushona.
Nyaketcho alisikiliza hadi mwisho,
kisha akauliza: "Ngapi?"
Mbili, nikasema.
Akamimina. Mshale ukapanda, ukatikisika, ukatulia.
Nilingoja ile konzi ya juu,
ile ya kusahaulisha, ambayo Zakaria hakunikosesha hata siku moja.
Nyaketcho hakuniongezea hata punje.

Chumvi nimeifungua. Tunaipikia.
Haina kasoro, ni chumvi tu.
Siku hizi kapuni natembea na swali,
na swali lenyewe huwa nalianza kwangu.