Karatasi Isiyopumua

Kila siku ya sita napanda paa la Nalongo Namatovu,
kwa ngazi ile ya chuma iliyonichana goti mwezi wa pili.
Mkobani nina karatasi mbili za duara, nyeupe,
zilizopimwa juzi kwenye mizani isiyotaka mzaha.
Moja ya kazi. Moja ya ushahidi.

Ya kazi naiweka kinywani mwa pampu.
Itaivuta Katwe yote, mchana na usiku:
moshi wa wanaoyeyusha betri kuukuu nyuma ya gereji,
wa masufuria yanayozaliwa na injini zilizokufa,
plastiki za sokoni, mkaa wa sigiri,
vumbi la njia iliyoahidiwa lami.
Ya ushahidi naifunua, nahesabu hadi kumi, naifunika.
Inasafiri tu. Haipumui.

"Wewe na viduara vyako," asema Nalongo, akianua nguo.
"Mimi napima tangu niolewe.
Shuka la upande ule likirudi na weusi
najua leo wamechoma nini."
Naliandika hilo pia, kwa penseli, pembeni;
fomu haina safu yake.

Alfajiri ubaridi hushuka kutoka vilimani
na kila ulichokibeba,
kama deni linavyomtafuta aliye chini.

Maabarani, Lamunu amenifundisha kubana pumzi.
Mizani hii, asema, humsikia hata anayehema mlangoni.
Basi tunasimama, watu wazima wawili,
vifua vimefungwa,
tukingoja tarakimu itulie
tujue wenzetu wamevuta nini.

Karatasi ya kazi ilikuwa nyeusi kama tako la chungu.
Mashine ikazitaja moja moja:
zinki, kromiamu,
kisha risasi.

Nilipompelekea Nalongo majibu nilikwama hapo.
"Risasi?" Akageukia mlango.
Alikuwa na miaka tisa vita vilipopita kwao Luweero;
walilala mvunguni, mama akiwaziba midomo kwa kiganja.
Kiswahili alikipatia huko, kupitia ukuta:
lete, lala, toka, risasi.
"Nani amepiga?"

Hakuna aliyepiga, nikasema. Hii haina mlio.
Imo hewani. Huingia polepole,
hukaa mifupani, na wadogo ndio huwaumiza zaidi.

Akawatazama wajukuu, wanachora sakafuni
gari lenye magurudumu saba, kwa kipande cha mkaa.
"Kwa hiyo mvunguni hapasaidii."
Sikujua kama ameuliza.

Ile ya ushahidi nayo ilikuwa imeongezeka uzito,
kiasi kidogo kuliko kosa la mizani.
Sekunde kumi tu, hesabu yangu mwenyewe.
Andika sifuri, akasema Lamunu, ndiyo kanuni.
Nikaandika sifuri.
Usiku ule nikampitia kichwani kila mtoto wa mtaa ule,
nikimtafuta mmoja wa ushahidi,
aliyesafiri tu, asiyepumua,
ili tuwalinganishe naye hawa.

Siku ya sita nikapanda tena.
Kando ya pampu, kwenye msumari,
Nalongo ameangika kitambaa cheupe, kipya,
na penye pindo ameshona tarehe ya leo
kwa uzi mwekundu,
akaacha nafasi ya nyingine.