Onyesha Njia

Saa nne usiku nafungua daftari
juu ya mfuko wa saruji uliochanika kona.
Taa ya getini ni ya Mangi mwenye duka,
lakini mwanga hauulizi nani kanunua umeme.

Mimi ni mlinzi. Moshi hapa, jirani na soko la Mbuyuni:
nalala mchana, nalinda mabati na misumari usiku,
na kesho kutwa, nikiwa na miaka arobaini na sita,
nafanya mtihani wa maarifa na vijana
watakaoniamkia "shikamoo, mwalimu"
wakidhani ndiye msimamizi.

Mwaka ule nilichaguliwa.
Bei ya kahawa ikaanguka, baba akanyamaza,
jina langu likabaki limebandikwa ukutani pa shule
mpaka mvua ikalifuta.

Naeli wangu, kidato cha tatu, ndiye anayenisahihisha.
Kalamu nyekundu aliinunua kwa nauli,
akatembea kwa miguu hadi Pasua
ili aje anipe tiki mbili na makosa tisa.
Swali la nne nilipata, naye akaandika pembeni:
*Baba, jibu ni sahihi lakini hukuonyesha njia.*

Sikuonyesha njia! Mimi,
ninayetembea njia moja usiku kucha,
geti hadi stoo, stoo hadi geti,
hatua sitini na mbili.
Nilizihesabu kabla sijajua x ni nani
na kwa nini kila mtu anamtafuta.

Usingizi hauji kama mwizi. Mwizi namjua.
Usingizi huja kama shemeji:
unakuta umeshaupa kiti.
Machi Mangi alinifumania, kichwa kimelalia pembetatu.
"Nakulipa ukeshe," akasema, "hukulipwa usome,"
akakata elfu tano.
Tangu hapo nasoma nimesimama,
daftari nimelipachika kwenye nondo za geti,
na kila hesabu moja nakagua kufuli mbili.

Saa nane. Mvua imepita, kumbikumbi wameitikia taa,
wanaanguka juu ya mabano, wanavua mabawa
kama watu waliofika nyumbani.
Deni, mbwa wa duka (tulimwita hivyo kwa kuwa hafukuziki),
anawala mmoja mmoja, hana haraka, hana mtihani.
Chai ya tangawizi imepoa.
Swali la saba limenikalia kifuani.

Nalianza upya. Nahamisha namba, alama inageuka.
Nasahau kuigeuza.
Narudi. Nafuta kwa kidole na mate
maana kifutio kiko kwenye mkoba wa Naeli.

Adhana ya kwanza. Kisha pikipiki za maziwa.
Kisha Mangi mwenyewe, funguo mkononi:
"Usiku ulikuwaje?"
"Salama. Hata msumari haujatoka."
Anaitazama shavuni kwangu wino, hasemi kitu.
Pengine naye aliwahi kubandikwa ukutani.

Nakwenda. Nikiharakisha nitamkuta Naeli
akifunga kamba za viatu, nitampa daftari.
Swali la saba sina jibu, mwanangu.
Ila njia nimeionyesha, mistari kumi na minne,
pamoja na bawa la kumbikumbi
lililogandia pale nilipokosea alama,
na doa la chai
pale nilipogeuka nikarudi.