Mashine Imekataa

Kijana wa vitambulisho kaweka meza
ndani ya godauni la kiwanda cha korosho, Nachingwea.
"Bibi, bonyeza kidole. Bonyeza tena."
Taa nyekundu.
Somoe Likwata anafuta mkono kwenye kanga,
anabonyeza vyote kumi. Nyekundu.

Mwanangu, hiyo mashine haina kosa.
Alama zangu zimo humu humu, zitafute sakafuni.
Mafuta ya ganda yalizila mojamoja,
zamu ya saa kumi na mbili, king'ora kikilia
hata majogoo wa mtaa wakaacha kuhangaika.
Tulijipaka majivu. Majivu nayo yalichoka.

Kabla yetu zilikuwa karanga za Mwingereza,
na reli: baba alilipwa kutandika mataruma,
kisha akalipwa tena kuyang'oa.
Alicheka mpaka anakufa. "Kazi ni kazi."
Taruma moja alilibeba usiku.
Ndilo kizingiti changu, karibu uje ulikanyage.

Kiwanda kilifungwa Jumanne.
Hakuna aliyetuambia. King'ora tu hakikulia,
tukachelewa sote,
tukafika mbio kwenye kufuli.

Siku hizi korosho zinapita hapa na maganda yake,
zinakwenda kubanguliwa mbali, na vidole nisivyovijua.
Vipe pole.

Kijana anakuna kichwa. Kwenye fomu
kuna kisanduku, kidogo kama ukucha: *sababu*.
"Sasa niandike nini, bibi?"

Andika: alikuwa kazini.