Tarehe Mosi

Mama alisema nilikuja na haraka.
Theluji ilikuwa imefika kwenye kitasa cha mlango,
baba anatafuta koleo, mkunga yuko njiani,
nami, saa sita na dakika tisa za usiku,
Aprili mosi, nikajitokeza
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Miaka sitini na mitano baadaye
likaitwa kweli.

Barua mbili, siku moja.
Ya kwanza ina kadi ya karatasi, ukanda mwekundu na wa buluu,
jina langu kwa herufi kubwa, REINO W. LAHTI,
karibu kwenye bima ya wazee.
Ya pili haikukaribisha mtu.
Ilisema bima ya wasio na kipato
itaniachia mkono Februari ikiisha.

Nikampigia Bi Truax wa ofisi ya kaunti.
Dakika arobaini nasikiliza kinanda.
Nikamwambia, Bibi, mimi bado ni fukara yuleyule.
Akacheka, si kwa ubaya.
"Ufukara wako tunaujua, Bwana Lahti. Ni umri uliosogea."
Lakini mimi ni wa Aprili, na barua inasema Machi!
Makaratasi yakachakarika upande wa pili.
"Umezaliwa tarehe mosi.
Wa tarehe mosi huhesabiwa mzee mwezi mmoja mapema.
Ungezaliwa tarehe pili, Machi yote ingekuwa yako."

Machi kumi na nane nilikuwa na miadi ya jino.
Gego la chini, kushoto. Nililingojea tangu Novemba,
maana mjini kwetu daktari anayeipokea kadi ya wanyonge
ni mmoja, na yeye naye anazeeka.
Kadi mpya inaujua moyo, inaijua figo, inalijua goti.
Meno haiyajui. Miwani haiijui.
Nadhani aliyeiandika alimwona mzee
kuwa ni kiwiliwili tu,
uso ukawa anasa.

Siku moja, mama.
Ungebana pumzi siku moja tu.

Darlene ana miaka sitini na mmoja.
Yeye kabaki kule, na kadi yake ya zamani,
na mikono iliyoungua mvuke wa dobi la hospitali.
Miaka kumi na moja tulikuwa bahasha moja,
majina mawili kwenye dirisha lake la nailoni.
Sasa ana faili lake na mimi langu,
lake la kijani, langu la kahawia,
na katikati chupa ya chumvi.
"Nipe hilo jino," akasema,
"nikaling'oe mimi kwa kadi yangu."
Tukacheka mpaka gego likanikumbusha.

Kuna fomu nyingine, Bi Truax kasema:
kaunti inaweza kunilipia ada ya kila mwezi
nikithibitisha kwamba sina kitu.
Taarifa ya benki, kadi ya gari, bili ya gesi.
Nimeuthibitisha umaskini mara nyingi kiasi kwamba
ungekuwa ufundi, ningeshapewa cheti.
Nikajaza. Kwenye nafasi ya tarehe ya kuzaliwa
kalamu ilisita.
Nikaandika ukweli.

Kuziba jino kulikuwa ghali. Kung'oa kulikuwa nafuu.
Nikauza mashine ya kusukuma theluji,
kwa sababu ilikuwa Machi na jua lilituzuga,
nikamlipa daktari taslimu.
Akanipa gego langu ndani ya bahasha ndogo,
bila jina, bila dirisha.

Aprili mosi ikaanguka theluji, magotini.
Nikatoka na koleo la baba, lenye mpini uliofungwa waya,
nikachimba njia hadi kwenye sanduku la barua.
Lilikuwa tupu.
Niliporudi, Darlene alikuwa amekata keki,
na kwenye sahani yangu
alikuwa ameondoa lozi zote, moja moja,
akawa anazila yeye.