Katambuga la Mguu wa Kushoto

Mwaka ule ng'ombe kumi na mmoja walipotoka zizini Bahi
bila mlio, bila kengele,
baba hakulia. Aliokota katambuga,
la mguu wa kushoto, mkanda umekatika,
akawanusisha mbwa asubuhi na jioni
hadi mwizi akawa harufu.

Leo niko maabara, Dodoma mjini.
Upepo wa Agosti unasugua vumbi kwenye dirisha.
Mkononi kichupa, si kirefu kuliko kidole,
na ndani yake protini: kipande cha mkia wa bakteria.
Bakteria mwenyewe hayumo,
hawezi kuzaa, hawezi kuua.
Limebaki katambuga.

Chanjo yetu ya kwanza ilikuwa na adabu mno.
Ilibisha hodi kama mgeni
anayeogopa kuamsha watoto.
Kingamwili zilitoka, ndiyo, zikapiga doria kwenye damu,
huko njia kuu, kweupe.
Lakini kifua kikuu hakilali njiani.
Huingia ndani ya nyumba, hufunga mlango,
hujifunika shuka ya mwenye nyumba.
Hapo doria haitoshi.
Inatakiwa seli ya kupapasa ukuta gizani
na kusema: humu.

Tukaongeza katambuga.

Wiki ya sita, usiku, umeme ulikatika mara mbili.
Jenereta lilikohoa kama mjomba Ndahani
aliporudi kutoka machimboni na mapafu ya kuazima.
Nikahesabu madoa chini ya lenzi,
kila doa seli moja iliyokumbuka.
Chanjo peke yake: tisa.
Chanjo na mkia: mia mbili na kumi, na kumi na moja,
nikapoteza hesabu, nikaanza upya,
wala sikuwa na shaka.
Ni utamu tu.

Nikampigia baba.
"Mbwa wameamka."
Nyuma yake mwiko uligonga chungu, uwele unasongwa.
"Mbwa wa nani?"
"Wa panya, baba. Kwa sasa ni panya tu."
Akanyamaza, kama anayetafuta kovu kwa kidole.
"Basi usiwanusishe kupita kiasi.
Yule jike wangu mweusi, unamkumbuka?
Mwizi hakumpata.
Alimrarua shemeji yako Masinga, mlangoni petu,
mchana,
kwa kuwa naye alivaa matairi."

Nilikata simu, nikafungua daftari.
Kwenye mstari wa kipimo
nikafuta, nikaandika: nusu.