Mapulizo Mawili

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza:
hiki kilitembezwa na Bukuru, kijana wa Kasulu,
ndani ya beseni, kati ya nyembe na betri za redio,
mpaka langoni pangu, ghala la tumbaku, Tabora.
Elfu tano, akasema. Nikacheka.
Elfu tatu na mia tano, na kiberiti juu yake.

Chupa ya buluu, kifuniko cha dhahabu isiyo dhahabu,
farasi kasimama kwa miguu miwili.
Mbele pameandikwa Parisi.
Nyuma, kwa herufi za sisimizi, Guangzhou.
Sikuuliza farasi alipita njia gani.

Kila jioni, nikishaoga,
pulizo moja shingoni,
la pili ndani ya kola ya koti.
La shingoni ni la watu.
La kola ni langu mwenyewe.

Kwanza hunuka zahanati,
pamba yenye spiriti kabla ya sindano.
Usikate tamaa. Hesabu hadi mia.
Linakuja limau, bichi, la kukwaruzwa kwa kucha,
kisha, nikivuka reli,
kitu ambacho bado sijakipatia jina:
vumbi la mninga chini ya randa,
seremala amekwenda kula,
na mvua ya kwanza iko mbali kidogo, upande wa Sikonge.

"Unakwenda kulinda," Kalunde huniuliza, "au kulindwa?"

Mhasibu wetu hujipulizia manukato ya Dubai.
Laki mbili, nasikia. Akishuka garini
hewa yote husimama wima.
Mazuri. Sina kinyongo, mazuri kweli.
Lakini mlango wa ghala ukishafunguliwa,
marobota elfu moja yakapumua kwa pamoja,
tumbaku haiulizi bei:
yake yanazama, yangu yanazama.
Tofauti ni kwamba mimi nimezama kwa elfu tatu na mia tano.

Msimamizi Kapela aliwahi kunionya:
mlinzi hanukii, Maganga. Mwizi atajua ulipo.
Na ajue, nikamwambia. Si ndiyo kazi yenyewe?
Akaondoka akijikuna kidevu.
Hajalirudia.

Saa nane usiku, mwezi wa sita, baridi inatafuna vidole,
mbwa wamechoka kubweka, treni ya mizigo imeshapita.
Nainua kola, nazamisha pua.
Imo.
Ndogo, ya uvuguvugu, imeshazoea jasho langu.
Saa hiyo sina mke wa kumpendeza
wala bosi wa kumjibu.
Mtu mzima, rungu mapajani,
nanukia peke yangu gizani
kama bwana harusi aliyekosea tarehe.
Na nafurahi, wallahi, nafurahi.

Sasa kuna jambo.
Chupa niliipigia hesabu: mapulizo mawili kwa siku,
inifikishe mwezi wa tisa.
Juzi nimeiinua dirishani, penye jua:
farasi amebakiwa na maji ya magotini.
Hesabu ya mlinzi haikosei. Humu ndani kuna mwizi.

Sikusema. Nimelinda miaka kumi na saba,
najua mwizi hakimbizwi, hungojwa.
Jumapili Kalunde akarudi kutoka kwa dada yake, Isevya,
akainama kuniwekea chai,
na kwenye mkunjo wa kitenge, pale begani,
likaja limau,
kisha, polepole, vumbi la mninga.

Filimbi ninayo shingoni. Sikuipuliza.
Nimekunywa chai yangu yote, na sukari ya chini.
Bukuru akipita tena nitamwagiza chupa ya pili,
na asithubutu kupandisha bei
kwa kuwa amesikia tuko wawili.