Rivasi Kwanza

Muuza spea wa Gerezani hakucheka mwanzoni.
"Saabu?" aliuliza,
halafu akawaita wenzake waje wamwone mama
anayetafuta pampu ya maji ya Saabu.
"Sabuni ni duka la pili, mama."
Hapo ndipo walipocheka. Kisha mmoja, kwa huruma:
"Kampuni yenyewe si ilishakufa?"

Ilikufa, ndiyo. Nilisikia redioni nikimenya ndizi:
Uswidi huko, mahakama, wadai.
Nikatoka uani na kisu mkononi
kwenda kulitazama, kama limeshapata habari.
Lilikuwa chini ya turubali, tairi moja limelala,
na paka wa jirani juu ya boneti,
boneti lile linalofunguka kwa kuinamia mbele
kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda.

Nilinunua kwa injinia Mswidi aliyekuwa anahama Oysterbay,
mwaka tisini na nne, kwa mkopo wa walimu.
Ufunguo wake hauingii kwenye usukani.
Unaingia chini, katikati ya viti, jirani na gia,
na hautoki mpaka uweke rivasi.
Mswidi alinionyesha mara tatu.
"Bila kurudi nyuma," alisema kwa Kiswahili chake cha kunyooka,
"gari hili halikuachii."

Mwaka wa Elninyo, saa nane usiku,
Jangwani hakuna barabara, ni maji tu.
Dereva mimi, mwenye uchungu mimi.
Rweyongeza pembeni, hajui hata baiskeli,
ameshika tochi, ananihesabia pumzi kwa Kihaya.
Maji yakafika kwenye taa.
Nikaweka rivasi.
Nikarudi kinyumenyume hadi Magomeni,
shingo imegeuka huku, tumbo limegeuka kule,
nikahamia kiti cha nyuma,
na Koku akaja duniani mbele ya duka la mikate lililofungwa.

Koku huyohuyo sasa ni afisa mikopo.
Amenichagulia Isti nyeupe, amelipa na kianzio.
"Mama, hili linakula mafuta, linakula pesa,
sasa linakula na uwanja."
Baba yake anasema tufugie kuku.
Shomvi wa chuma chakavu alikuja na mizani yake ya kuning'iniza,
akagonga mlango kwa konzi
kama anayechagua tikiti maji.
Fundi Chiduo anataka kung'oa injini, aweke ya Korona.
Litatembea, anasema.
Litatembea, sawa. Litakuwa nani?

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja.
Sihitaji kuambiwa jumla.
Bima, turubali jipya kila masika,
pampu itoke Ulaya kwa bei ya ng'ombe wawili:
nimeandika yote kwenye daftari, nimepiga mstari chini,
jibu ni lilelile.

Ila rivasi ilikufa miaka minne iliyopita,
na ufunguo ukabaki mlemle.
Wezi walipokuja walichukua redio,
wakachukua ile nembo ya mnyama mwenye taji,
ufunguo wakauacha.
Nikipita usiku kuzima taa ya uani
nauona unang'aa kidogo, chini, katikati ya viti,
na sijawahi kulala vizuri siku hizo.

Jana nikamwambia Chiduo:
Injini achana nayo. Nitengenezee rivasi tu.
Kachonge meno ya gia, kaazime, kabuni, nitalipa.
"Rivasi ya nini, mama, na mbele kwenyewe haliendi?"

Sikumjibu. Bado kijana.

Siku ufunguo ukitoka, umetoka wenyewe, haukuvunjwa,
Shomvi aje na mizani yake.
Akiwahi, akae barazani.
Chai ipo.